Kambakochi wa Nauli na Kambakochi wa Dola

Mhudumu alishika uma mkono mmoja na kijiko mkono wa pili, akainamia sahani yangu. Akaligandamiza gamba kwa mgongo wa kijiko, akapenyeza meno ya uma chini ya nyama upande ule mpana wa mkia, akazungusha kifundo cha mkono mara moja tu. Nyama ikachomoka nzima, nyeupe yenye michirizi ya rangi ya chungwa, ikalala kando ya wali. Kazi ya sekunde nne au tano. Sijamaliza kusema ahsante, ameshahamia kwa dada yangu, kisha kwa shemeji, kisha meza ya jirani. Meza zote za upande wetu zilikuwa zikimtazama kwa zamu, kama watoto wanaosubiri kukatiwa muwa.

Ulikuwa usiku wa sita wa safari ya siku saba kutoka Galveston, Texas. Usiku huo wanaume huvaa suti, wanawake hutoa magauni yaliyokunjwa kwenye sanduku tangu nyumbani, na wapiga picha wa meli husimama kwenye ngazi wakiuza picha kwa bei ya kukera. Abiria wazoefu hawauiti usiku wa suti. Wanauita usiku wa kambakochi. Dada yangu, anayeishi Houston, alikuwa amenisimulia habari zake kwa simu tangu nikiwa Dar es Salaam. "Kaka, wanakupa kambakochi bure! Mkubwa, na siagi juu."

Shemeji yangu ni mtu wa Mombasa, na ana tabia ya kukagua chakula kama fundi anayekagua gari la mitumba. Aliugeuza mkia wake kwa uma, akatazama gamba lililobaki, akatazama sahani yangu. "Mbona hana magando?" akauliza. "Huyu ni kamba mawe wa kwetu huyu. Nimetoka Mombasa mpaka Marekani kuja kuandaliwa kamba mawe!"

Dada alimwambia ale anyamaze. Lakini swali lake lilikuwa ndilo swali lenyewe, na neno la dada, lile "bure", lilikuwa na kasoro. Sura hii inatokana na hayo mawili.

Tuanze na magando. Watu wa mwambao wetu wana majina kadhaa ya mnyama huyu: Tanzania wengi husema kambakochi, Kenya utasikia kamba mawe. Wote humaanisha yule mwenye mwili wa miiba na ndevu ndefu ngumu kama fimbo, asiye na gando hata moja. Ni wa jenasi ya Panulirus, anayeishi maji ya joto duniani kote. Kwetu wapo wa aina kadhaa, akiwemo yule mkubwa mwenye madoa ambaye wataalamu humwita Panulirus ornatus. Karibi yupo ndugu yao, Panulirus argus. Mtu aliyezaliwa Pate au Kizingitini akimwona yule wa Karibi hatapotea hata kidogo. Mchana hujificha kwenye mapango ya miamba, usiku hutoka kutafuta chakula. Wapiga mbizi wa Kibajuni wana ujanja wa kumtoa humo: humpeleka pweza mlangoni mwa pango, na kambakochi, ambaye hamwogopi mtu kama anavyomwogopa pweza, hutoka mbio na kuingia kwenye wavu wa mkono.

Yule mwenye magando ni mnyama mwingine kabisa. Ni Homarus americanus, mkazi wa maji baridi ya Atlantiki kuanzia Labrador kule Kanada hadi North Carolina. Gando lake moja ni nene la kusagia, la pili ni jembamba la kukatia. Huyu ndiye aliye kwenye picha za matangazo na kwenye fulana za watalii, na jimbo la Maine ndilo makao yake makuu kibiashara. Wavuvi wa Maine humnasa kwa mitego ya waya inayotegwa chini baharini kwa kamba na maboya, kila mvuvi na rangi zake.

Kwa Kiingereza wote wawili wana jina moja, na hapo ndipo menyu ya meli inapojipatia nafasi ya kupumua. Abiria anasoma jina, anaona kichwani mwake yule mwekundu wa magando mawili, kisha analetewa mkia wa ndugu yake wa maji ya joto. Hakuna aliyedanganywa. Ila picha aliyoiona kichwani si aliyoipata sahanini.

Kwa nini mkia tu? Sababu ya kwanza ni mnyama mwenyewe, kwa kuwa asiye na magando nyama yake karibu yote iko mkiani. Sababu ya pili ni jiko. Mikia hugandishwa na kupangwa kwa uzito, mara nyingi kwa wakia, na mpishi mkuu huinunua kama fundi anavyonunua misumari: saizi hii, idadi hii. Chukua meli ya abiria 3,000 na mkia wa wakia nne, yaani gramu 113 hivi. Kila abiria akila mmoja, ni kilo 339 za mikia. Wakila wawili wawili, ni kilo 678, kwa saa chache za usiku mmoja. Hakuna jiko linaloweza kuchemsha kambakochi hai wa idadi hiyo, mmoja mmoja, huku suti mia nane zikisubiri mezani.

Basi hufanyika hivi. Mikia huyeyushwa barafu mapema. Gamba la juu hupasuliwa katikati, nyama huinuliwa na kulazwa juu ya gamba, hupakwa siagi na pilipili ya unga isiyowasha, kisha hupangwa kwenye trei ndefu. Ukumbi wa zamani hula kwa awamu mbili, ya kwanza saa kumi na mbili jioni na ya pili saa mbili na nusu usiku. Trei huingia oveni kwa mafungu, zikitoka huwekwa kwenye makabati ya joto, na wahudumu hupanga foleni na sinia zao. Tatizo liko kwenye yale makabati. Kambakochi si pweza. Pweza unampiga, unamchemsha, na kadiri unavyomchelewesha motoni ndivyo anavyolainika. Kambakochi ni kinyume chake. Nyama yake huiva kwa dakika chache, na kila dakika inayozidi humkamua maji na kumkaza, mpaka unatafuna kitu cha jamii ya kandambili. Mtu wa meza ya kwanza kuhudumiwa na mtu wa meza ya mwisho wanaweza kula mnyama mmoja, wa trei moja, na kila mmoja akatoa ushuhuda tofauti, na wote wakawa wakweli.

Mkia wangu ulikuwa wa wastani. Mtamu ukingoni, mkavu katikati, uliookolewa na siagi. Wa shemeji, kwa maneno yake, ulikuwa "sawa, lakini Mombasa ningeurudisha".

Sasa tuje kwenye bure. Usiku wa nne tulikuwa tumekula kambakochi mwingine kwenye meli hiyohiyo, katika mgahawa mdogo wa nyama choma za kizungu ulioko ghorofa ya juu, wenye taa hafifu na viti vya ngozi. Meli kubwa nyingi siku hizi zina migahawa ya namna hii, na kwa bei za miaka ya karibuni mlo mmoja huko huweza kufika dola 40, 60 au hata zaidi kwa mtu, kutegemea meli na siku uliyoweka nafasi. Dada ndiye aliyesisitiza twende. Tulipofunguliwa menyu tukagundua jambo ambalo hakuwa ametuambia, kwa sababu hata yeye hakulijua: kiingilio tulichokwisha kulipa hakikumhusu kambakochi mzima. Kando ya jina lake palikuwa na alama ndogo, na mwisho wa ukurasa, kwa herufi za kuhitaji miwani, bei ya nyongeza. Juu ya yote hayo kulikuwa na bakshishi ya asilimia 18 inayojiandika yenyewe.

Sitaitaja kampuni, kwa sababu mtindo huo si wa kampuni moja.

Nitamtendea haki yule kambakochi. Alikuja mzima, amepasuliwa kwa urefu, magando yote mawili yamekwisha kuvunjwa jikoni ili tusihangaike. Nyama ya gando ni laini kuliko ya mkia na ina utamu wa mbali, kama wa maji ya dafu. Alikuwa moto, maana alipikwa baada ya sisi kuagiza. Hapo ndipo nilipoelewa kinachouzwa. Mnyama ni sehemu ndogo tu ya bei. Unachonunua kwenye mgahawa wa ziada ni dakika za mpishi. Ukumbini mpishi anapikia meli, huku juu anapikia meza ishirini. Shemeji alikula kimya mpaka mwisho. Kwa anayemfahamu, hiyo ni sifa kubwa.

Lakini bei yake halisi ni ngapi? Watu wengi hulinganisha kambakochi wa dola na kambakochi wa bure, na kwa hesabu hiyo wa dola hushindwa daima. Hesabu hiyo ina kosa. Yule wa ukumbini si wa bure, yumo kwenye nauli. Ulimlipia siku ulipokata tiketi, pamoja na kitanda, taa na dizeli. Kwa hiyo ukienda mgahawa wa juu, hulipi mlo mmoja. Unalipa miwili: huu unaokula na ule uliouacha ukumbini, ambao kiti chake kimebaki wazi na sahani yake haikupakuliwa. Mlo ule wa pili unabaki kuwa wa kampuni.

Haikuwa hivi zamani, na hili lilinishangaza. Migahawa ya malipo ya ziada baharini haikubuniwa na meli za leo za mabwawa na mitelezo. Mwaka 1905 meli ya Kijerumani iliyoitwa Amerika ilianza safari ikiwa na mgahawa wa Ritz-Carlton, ambako abiria matajiri waliagiza walichotaka na kukilipia kando. Mwaka 1912 Titanic nayo ilikuwa na mgahawa wake wa kuagiza, ukiendeshwa na Mwitaliano Luigi Gatti. Yeye na karibu wafanyakazi wake wote walizama nayo. Abiria wa daraja la kwanza aliyeamua kula milo yake yote kwa Gatti, badala ya ukumbi wa kawaida, alipunguziwa nauli. Kampuni ilikiri kwamba chakula asichokila hapaswi kukilipia. Leo, zaidi ya miaka mia baadaye, kaunta ya meli ukiiomba punguzo la namna hiyo itakutazama kwa huruma.

Katikati ya enzi hizo mbili kulikuwa na kipindi cha ukarimu. Crystal Harmony, iliyoanza safari mwaka 1990, ilikuwa na migahawa miwili ya pembeni, wa Kiitaliano na wa Kijapani, bila kiingilio. Kampuni nyingine zilipoiga wazo hilo ziliongeza bei mlangoni.

Na sasa bei imeshuka ngazi mpaka ukumbini kwenyewe. Kwa miaka mingi sheria isiyoandikwa ya usiku wa kambakochi ilikuwa moja: omba, utapewa. Kuna watu waliojisifu kula mikia mitano, sita. Kisha kuelekea mwaka 2023 mambo yakabadilika. Kampuni ya Royal Caribbean ikabakiza mkia wa kwanza ndani ya nauli na kuanza kutoza kila mkia wa nyongeza dola 16.99. Ukiongeza asilimia 18 ya bakshishi unafika dola 20 na senti 5. Carnival ikaweka dola 5 kwa mlo mkuu wa tatu kwa mtu mmoja, ikieleza kwamba inapunguza chakula kinachotupwa. Nimeona chakula kinavyotupwa kwenye meli, kwa hiyo sitawabishia moja kwa moja. Ila mkia ulioagizwa na kuliwa wote haujatupwa.

Abiria walinung'unika na kutafuta sababu. Wengi walidhani kambakochi amepanda bei baharini. Tazama takwimu za Maine: mwaka 2021 mvuvi alipata wastani wa dola 6.71 kwa ratili, bei ya juu isiyo ya kawaida. Mwaka 2022 ikaporomoka hadi dola 3.97. Mikia ya ukumbini kwa kawaida si ya Maine, kwa hiyo sitaki kulazimisha ulinganisho, lakini ni wazi kwamba tozo zilikuja wakati soko linalojulikana zaidi lilikuwa likishuka. Sababu naiona kwingine. Kampuni hizi zilitoka kwenye janga la korona zikiwa na madeni mazito, na zikajifunza kwamba ni rahisi kuiacha nauli ionekane ndogo kwenye tangazo na kuzitafuta dola moja moja abiria akiwa tayari ndani, nchi kavu haionekani.

Wapo wasiofanya hivyo. Kampuni ya Oceania huchoma mikia ya kambakochi kila jioni kwenye mgahawa wake wa bufee, Terrace Café, na hakuna anayekuhesabia. Lakini kabla hujakimbilia huko, tazama nauli yao, ambayo inaweza kuzidi ya meli yetu ya Galveston mara kadhaa kwa siku moja. Kambakochi huyo naye umemlipia, ila kwa mkupuo. Tofauti ni kwamba ukishapanda hukutani tena na herufi ndogo, na kwa watu wa aina yangu, ambao bei ya pembeni huwaharibia ladha, hilo lina thamani yake.

Hapa kuna neno fupi kwa wasomaji Waislamu, kwa sababu nimeulizwa. Madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wa mwambao wetu wanayafuata, huhalalisha viumbe wa bahari, kambakochi akiwemo. Wahanafi na Ithnaasheri hawamli. Jihadhari zaidi na vinavyomzunguka: mchuzi wenye mvinyo, na ile sahani pendwa inayomweka kambakochi pamoja na kipande cha ng'ombe ambaye hujui amechinjwa vipi. Shemeji aliagiza wake bila mchuzi, na mhudumu hakuona ajabu.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye menyu ya juu wala ya chini. Siku ya nne, saa chache kabla ya ule mlo wa viti vya ngozi, meli yetu ilikuwa imetia nanga Roatán, kisiwa cha Honduras. Bahari yake ni ya rangi zile ambazo Mzanzibari hahitaji kuelezwa. Upande wa mashariki wa nchi hiyo, pwani ya La Moskitia, wanaume wa Kimiskito wamekuwa wakizamia kambakochi kwa mitungi ya hewa kwa miongo mingi, na wengi wamepooza kwa kushuka kina kirefu mara nyingi kwa siku na kupanda haraka, bila mafunzo wala vifaa vinavyofaa. Tarehe 31 Agosti 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitoa hukumu katika shauri la wazamiaji 42 wa Kimiskito dhidi ya Honduras. Wengine kati yao walikuwa wamekufa, wengine hawatembei. Mkia niliokula usiku wa sita sijui ulitoka bahari gani, na menyu haikusema. Ilisema tu kwamba umeokwa kwa siagi.

Nikamkumbuka mpiga mbizi wa Kibajuni na pweza wake, anayeshuka kwa pumzi yake mwenyewe na kwa hiyo hawezi kushuka mbali wala kukaa sana. Sisemi kazi yake ni rahisi. Nasema mapafu yake yana kikomo ambacho mtungi hauna.

Turudi mezani, maana najua msomaji anataka kuambiwa afanye nini. Ukipanda meli ya kawaida ya Karibi, mkia wa ukumbini ule bila aibu, na kama mnagawiwa kwa awamu, chagua awamu ya kwanza na uagize mapema, kabla makabati ya joto hayajaanza kazi yao. Kwa mkia wa pili, uliza bei kabla mhudumu hajaugusa kwa uma. Kwa dola 20 kwa mkia wa wakia nne mimi sikushauri uununue. Mgahawa wa juu uende mara moja, kwa sababu ya utulivu na ya mpishi, na usiende usiku uleule ambao ukumbini wanagawa kambakochi, kwa kuwa hapo ndipo mlo unaouacha una thamani kubwa kuliko siku zote.

Na kama una uhuru wa kuchagua njia, chagua safari ya vuli ya New England na Kanada. Meli hizo husimama Portland, Halifax na, kwa idadi inayobishaniwa, Bar Harbor, mji mdogo wa Maine ambao wakazi wake walipiga kura mwezi Novemba 2022 kuzuia abiria wa meli wasizidi 1,000 kwa siku. Shuka. Bandarini kuna vibanda vinavyochemsha kambakochi waliotolewa majini, na utamla kwenye benchi la mbao huku shakwe wakikudai fungu lao. Jioni rudi melini, mlo wako wa nauli utakuwa unakusubiri.

Kwingineko kote, kabla hujatia sahihi kwenye karatasi ya nyongeza, muulize mhudumu swali la shemeji yangu: ana magando? Akikujibu hana, funga menyu urudi ukumbini.